Kabla Hujakata Benchi: Majibu kwa Wenye Boti Ndogo za Alumini

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji walionunua boti ya alumini iliyotumika, ya futi 12 hadi 16, na sasa wanataka kuitengeneza uani kwa mikono yao. Tunaanza na swali ambalo wengi wameliuliza kwa namna moja au nyingine.

Ndugu mafundi, salamu kutoka Louisville, Kentucky. Nina boti ya alumini ya futi 14, tumbo lake lina umbo la V, na ina mabenchi matatu. Nataka kutoa benchi la kati, nijenge jukwaa la kusimamia mbele ninapovua, na sakafuni nitandike mbao na zulia. Mbao nimeshanunua, zile za kijani zilizotiwa dawa ili zisioze. Nianzie wapi?

Anza kwa kurudisha mbao hizo dukani. Mbao za dawa zinazouzwa Marekani siku hizi zina shaba nyingi ndani yake, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, viwili hivyo hugeuka betri ndogo ambamo alumini ndiyo inayoliwa. Dalili ya kwanza ni unga mweupe kando ya ubao. Baadaye huja vidoti, kisha matundu. Usifikiri zulia litazitenganisha, kwa sababu zulia hunywa maji na kuyashikilia palepale pabaya. Nunua plaiwudi isiyo na dawa, ya milimita 12, uilinde kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu na kuzuia maji) kama tutakavyoeleza mbele kidogo.

Sasa benchi. Wengi huliona kama kiti, lakini kukaliwa ndiyo kazi yake ndogo kabisa. Benchi limefungwa huku na huku kwenye mbavu za boti, na ndilo linalozizuia zisitanuke wala kubonyea boti inapopiga wimbi. Ndani yake mna povu gumu, na povu hilo ndilo litakalowabakiza hai siku boti ikijaa maji. Boti za injini ya nje zilizo chini ya futi 20 zinazotengenezwa Marekani zimelazimika kuwa na povu la namna hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Piga hesabu mwenyewe. Benchi lenye urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30 lina ujazo wa lita 108. Povu la kawaida la boti lina uzito wa kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita hizo 108 zikizama hubeba takriban kilo 104. Ukilitoa benchi bila kulirudisha povu lake mahali pengine, umeitoa boti kilo 104 za uhai wake.

Na mahali pa kulirudishia pana maana sawa na kiasi chake. Watu hulijaza lote chini ya sakafu kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Boti ya namna hiyo ikijaa maji, povu husukuma sakafu kwenda juu na boti hupinduka tumbo juu, nanyi mnabaki mnashika bati linaloteleza. Weka sehemu kubwa ya povu juu, ubavuni, chini kidogo ya ukingo, kulia sawa na kushoto. Sehemu nyingine iende tezini, karibu na injini, maana injini ndiyo inayovuta boti chini upande huo. Kinachobaki kiingie chini ya jukwaa la mbele.

Povu la zamani usilihamishe kabla ya kulipima. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20 kwa 25, ambacho ni lita 10, ukiweke kwenye mizani. Kikiwa kikavu kitakuwa na gramu 300 na kitu. Kikifika kilo mbili au tatu, hilo ni sponji lililojaa maji, litupe lote. Kwa kununua jipya, chagua zile bodi ngumu za waridi au za buluu za kuzuia baridi ya nyumba. Bodi nyeupe zenye punje huvunjika na hunywa maji upesi. Ila hata hizo za rangi huyeyuka zikiguswa na petroli, kwa hiyo usiziweke karibu na tangi bila kuzifunika kwa epoksi. Povu la kuchanganya la mikebe miwili huvumilia petroli vizuri zaidi, lakini hutanuka kwa nguvu: limimine kidogokidogo, tabaka kwa tabaka, la sivyo litalibinua bati lenyewe. Kabla ya kumimina, laza bomba la plastiki chini kabisa ili maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti, yapate njia ya kwenda tezini.

Ushauri wetu ni kwamba benchi lisitolewe zima. Lifungue katikati tu, upate njia ya kupitia yenye upana wa sentimita 40 hadi 50, ubakize masanduku mawili ubavuni yakiwa na povu ndani. Kabla ya kukata, funga ubao mrefu kuanzia ukingo mmoja hadi wa pili, uukaze kwa jiliwa, na uandike upana wa boti hapo. Vipimo hivyo vikibadilika baada ya kukata, boti imetanuka, nawe rudi nyuma. Kisha funga kila upande uliokatwa kwa engo ya alumini (kipande chenye umbo la L) ya milimita 38 kwa 38, unene milimita 3, na upitishe engo nyingine sakafuni kutoka sanduku hadi sanduku ili viungane tena kuwa kitu kimoja. Ubao wa kushikilia utolewe mwisho kabisa, baada ya riveti zote kukaa.

Kuhusu jukwaa, kabla hujakata hata kipande kimoja, laza plaiwudi juu ya mabenchi, ifunge kwa kamba kwa kimo unachokitaka, uipeleke boti kwenye maji yanayokufika kiunoni, uvae jaketi la kuokolea, usimame juu yake. Mwambie mwenzako naye asogee upande wako. Ukihisi boti inataka kukumwaga, punguza kimo. Kwa boti ya futi 14 ya umbo la V tusingepita kimo cha benchi la mbele. Kila sentimita unayopanda, uzito wako nao unapanda, na boti nyembamba haisamehe.

Halafu kuna uzito wenyewe. Soma kibao cha uwezo kilichopigiliwa karibu na usukani au tezini. Tuseme kinaruhusu kilo 340 kwa watu, injini na mizigo. Injini ya nguvu farasi 9.9 ya mipigo minne ina kilo 40 hivi, betri kubwa ya risasi kilo 27, petroli lita 20 ni kilo 15, watu wawili kilo 160, vyombo vya uvuvi na nanga kilo 25. Umeshafika 267. Shiti nzima ya plaiwudi ya milimita 12 ina kilo 21 au 22 kabla ya epoksi. Ongeza engo, zulia, vifuniko na skrubu, na jukwaa la kawaida linakula kilo 35. Zinabaki 38, yaani mtoto mmoja. Watu hupigwa na mshangao hapa, kwa sababu kila kipande kikibebwa peke yake huonekana chepesi.

Plaiwudi ikatwe yote kwanza, ijaribiwe ndani ya boti, itobolewe, ndipo ipakwe. Acha nafasi ya milimita 6 hadi 10 kati ya ubao na ubavu wa boti ili maji yashuke na ubao usisugue bati. Pale skrubu zitakapopita, toboa tundu la milimita 10, lijaze epoksi iliyoongezewa unga wa kuikaza, ikikauka toboa tena milimita 5 katikati yake. Hivyo skrubu haigusi mbao kabisa. Paka epoksi makoti matatu pande zote mbili, na kingo zipewe koti la nne, maana plaiwudi hunywea maji kingoni. Epoksi haipendi jua, kwa hiyo juu yake ipite rangi. Vishikizo vya chini viwe na umbali usiozidi sentimita 40, navyo vipigiliwe riveti kwenye mataruma (zile mbavu za ndani zinazoshikilia bati) na kwenye masanduku ya benchi. Kwenye bati la tumbo usitoboe hata tundu moja.

Zulia tungeliacha. Rangi ya kijivu isiyong'aa, iliyonyunyiziwa mchanga safi uliochekechwa ikiwa bado mbichi, haitelezi, hukauka kwa dakika chache na haifichi uozo. Alumini tupu nayo usiiache mbele ya macho, kwani mwanga wake wa mchana huumiza, na magoti huungua.

Shikamooni wakubwa. Boti yangu ya riveti inaingiza maji kama ndoo moja kwa saa. Fundi wa mageti hapa mtaani anasema atachomelea mstari wote. Mwingine kaniambia nipake silikoni ndani. Nimsikilize yupi? Mwanza.

Marahaba. Usimsikilize yeyote kati yao mpaka ujue maji yanaingilia wapi hasa.

Ipandishe boti juu ya magogo au matairi, iegemee sehemu nne au zaidi, kisha mimina maji ndani kufikia kina cha sentimita 8 hadi 10, si zaidi. Sakafu ya mita 1 kwa mita 3.5 ikiwa na sentimita 10 za maji imebeba kilo 350, na bati likiegemea sehemu mbili tu litapinda. Kausha nje kwa kitambaa, subiri nusu saa, upite chini na kalamu ya nta ukizungushia kila riveti inayotoa jasho. Maji hutambaa kando ya mkuku (uti wa chini wa boti) kabla ya kudondoka, kwa hiyo weka alama pale palipo juu zaidi penye unyevu, siyo pale tone linapoangukia.

Riveti iliyolegea tu hukazwa bila kubadilishwa. Watu wawili wanahitajika. Mmoja anakandamiza kipande cha chuma kizito, kilo 2 hivi, kwenye kichwa cha riveti kwa nje. Wa pili anagonga mkia wake kwa ndani kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, mapigo manne au matano ya wastani. Ukigonga kwa hasira utalitanua bati kati ya riveti na riveti, na uvujaji utahamia jirani.

Riveti iliyokatika au inayozunguka ukiisukuma kwa kidole, itoe. Toboa kichwa chake kwa biti ndogo kidogo kuliko riveti, uisukume itoke, bila kulipanua tundu. Ingiza riveti ngumu ya alumini ya milimita 4.8. Urefu wake ni unene wa mabati yote mawili ukijumlisha kipenyo cha riveti mara moja na nusu: mabati mawili ya milimita 1.6 yanataka riveti ya milimita 10 hadi 11. Ichovye kwanza kwenye gundi ya poliyurethani ya boti. Ukimaliza kugonga, mkia uwe na upana wa milimita 7 na kimo cha milimita 2.4. Ukiwa mrefu na mwembamba, haujakaza. Ukiwa bapa kama sarafu, umeuua.

Zile riveti za bunduki zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi zina tundu katikati, na mara nyingi kijiti cha chuma kinachobaki ndani hushika kutu. Juu ya maji hazina neno. Chini ya maji huvuja. Kama mkono haufiki upande wa ndani, tafuta za bunduki zilizozibwa mwisho, nazo pia zichovye kwenye gundi.

Baada ya riveti, mshono wote wa ndani upakwe epoksi nyembamba inayotiririka. Sugua kwa brashi ya waya wa stenlesi. Brashi ya chuma cha kawaida huacha chembe ndani ya alumini, na chembe hizo huanza kuila. Futa kwa asetoni, upake siku hiyohiyo, kwa sababu ngozi ya oksidi inayoifunika alumini hujirudia haraka na gundi haiishiki vizuri. Chagua siku ya jua kali: bati lenye joto huifanya epoksi iwe nyepesi na ijipenyeze yenyewe kwenye mshono.

Silikoni haivumilii mtikisiko wa mshono wa boti, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huacha mafuta yanayokataa gundi na rangi yoyote itakayofuata. Kuchomelea nako kuna mahali pake, lakini bati la boti ya riveti mara nyingi halifiki milimita 2, na fimbo za kuchomelea mageti hazifai hapo. Hata fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni na waya sahihi ataacha eneo laini kando ya weldi, kwa kuwa bati hilo limepata ugumu wake kwa kukandamizwa kiwandani likiwa baridi, na moto huondoa ugumu huo. Joto pia hulegeza riveti za jirani. Na kama kuna povu nyuma ya bati, hushika moto na kutoa moshi wenye sumu. Weldi iwe kwa mpasuko tu, baada ya kutoa povu na tangi la petroli.

Jiulize pia kwa nini zimelegea. Kama boti huburuzwa juu ya mawe kila jioni, hata riveti mpya utazirudia mwakani. Magogo mawili ya kuisukumia juu yake huongeza maisha yake kuliko gundi yoyote.

Injini yangu ikiongeza moto, ubao wa nyuma unacheza. Naweza kuubadilisha mwenyewe? Hapa Kisumu nimeona marine bodi madukani. Kisumu.

Unaweza, na usiichelewe kazi hii. Zima injini, shika mguu wake chini, uuvute na kuusukuma. Bati la tezini likifuata mwendo huo, ubao ndani yake umeoza.

Fungua injini, kisha toboa riveti za kofia ya juu, za pembe mbili na za magoti yanayoshikilia ubao kwa ndani. Piga picha kila hatua. Ubao wa zamani, hata ukiwa umeoza, utoe taratibu kwa sababu ndio kiolezo chako. Ukivunjika, kata boksi gumu lifuate umbo la bati.

Kabla ya kununua mbao, pima upana wa ndani wa kofia ya juu. Boti nyingi hutaka milimita 36 hadi 38, yaani vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa kwa epoksi. Ukiweka wembamba zaidi, bolti zitalibonyeza bati kila ukikaza.

Hiyo marine bodi ya hadweya, yenye uso wa kahawia unaoteleza, ni ya kumwagia zege. Jina lake linawaponza wengi. Gundi yake huweza kuwa nzuri, lakini ndani mara nyingi mna mapengo, nayo mapengo hukaa maji, na ule uso laini haushiki epoksi mpaka usuguliwe wote. Plaiwudi ya kweli ya boti huwa na mhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, na haina mapengo. Usipoipata, chagua shiti ukitazama kingo zake zote nne, ukiomba kipande cha sampuli. Kichemshe saa kadhaa, kikaushe, urudie mara mbili. Kikiachana matabaka, shiti hiyo si ya boti.

Kata, gandisha vipande viwili, vibane kwa jiliwa nyingi au kwa mawe mazito usiku kucha, kisha epoksi makoti matatu kama tulivyomweleza msomaji wa Louisville. Matundu ya bolti nayo yapite hatua ileile ya kutoboa, kujaza na kutoboa tena. Bolti ziwe za stenlesi za milimita 10 au 12, na washa pana ndani. Kizibo cha kutolea maji usikisahau: mrija wake hupita katikati ya ubao huo, na ndipo uozo ulipoanzia kwenye boti nyingi. Uzungushie gundi ya poliyurethani pande zote mbili.

Unaporudisha injini, kile kibapa kilicho juu ya propela kiwe sawa na tumbo la boti au kishuke chini yake kwa sentimita 2.5. Kikiwa juu, propela hukamata hewa. Kikiwa chini sana, unaburuta chuma majini na kuchoma petroli bure.

Boti yangu ya futi 12 imeandikwa mwisho nguvu farasi 7.5. Nimepata injini ya 15 kwa bei nzuri. Nikiukaza ubao wa nyuma itafaa? Musoma.

Haitafaa. Kukaza ubao kunasaidia ubao tu. Injini kubwa ni nzito, kwa hiyo tezi inashuka na wimbi la nyuma linaingia unapopunguza mwendo ghafla. Ukifungua moto, omo, yaani pua ya boti, inapaa na huoni mbele. Mapigo ya mwendo huo ndiyo yanayolegeza zile riveti alizolalamikia jirani yako wa Mwanza. Iuze, au itafutie boti ya futi 15 yenye tumbo pana.

Kwa boti isiyo na kibao kabisa, kadirio la idadi ya watu ni urefu kwa upana, kwa futi, ugawanye kwa 15. Futi 12 kwa futi 4 ni 48, ukigawanya ni 3. Hiyo ni kwa maji matulivu. Na kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi. Marekani kuitumia ni lazima tangu Aprili 2021 kwa boti zilizo chini ya futi 26 zenye kifaa hicho, na wimbi la Ziwa Victoria halina huruma kuliko la huko.

Hamjambo mafundi. Nilipaka tumbo la boti yangu ile rangi nyekundu ya kuzuia konokono tunayopaka mashua za mbao. Miezi sita tu, limejaa vidonda. Kilifi.

Hatujambo. Rangi hiyo ina shaba, nayo imefanya kwenye maji ya chumvi kile ambacho mbao za dawa hufanya kwenye maji baridi, ila kwa kasi mara nyingi zaidi. Ipandishe boti leo. Toa rangi yote hadi alumini, kwa msasa na kikwaruzo cha plastiki au mbao. Vidonda visivyopenya visafishe hadi unga mweupe uishe, uvijaze epoksi. Kilichopenya kinataka kiraka cha alumini cha aina ileile, kilichopigwa riveti na kutiwa gundi. Kisha praima ya kushika alumini, makoti mawili ya praima ya epoksi, na juu yake rangi ya kuzuia konokono iliyoandikwa wazi kuwa haina shaba. Kama boti hulala ufukweni kila usiku, huna haja ya rangi hiyo kabisa. Ioshe tu kwa maji baridi.

Funga vipande vya zinki au vya anodi ya alumini tezini ili viliwe badala ya boti, viguse bati lenyewe, na visipakwe rangi kamwe. Vikibaki nusu, badilisha. Kizibo cha brasi kibadilishe kwa cha plastiki. Kila skrubu ya stenlesi ipakwe grisi nzito ya kutenganisha metali au gundi kabla ya kuingia. Halafu tazama ngamani: risasi za mshipi, ndoana na sarafu zikilala pale ndani ya maji ya chumvi, kila kimoja huchimba shimo chini yake.

Tunavua dagaa usiku. Fundi wa magari alifunga taa kwa kupitisha waya wa chanya tu, hasi akaibana kwenye bati la boti, kama gari. Kuna ubaya? Kigoma.

Upo. Gari halikai majini. Boti ikifanywa waya, umeme hupita kwenye bati, na popote unapopata njia ya kupitia majini huondoka na alumini. Kila taa, kila pampu, iwe na waya wake wa chanya na wake wa hasi hadi kwenye betri.

Tuseme una taa nne za LED za wati 10. Jumla wati 40, yaani ampea 3.3 hivi. Kwa saa 8 ni ampea-saa 26 au 27, na betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo usinunue iliyo chini ya ampea-saa 60. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha, na ukiupata wenye nyuzi za shaba zilizopakwa madini ya bati (tin) hautageuka kijani. Fyuzi ya ampea 5 ikae kwenye chanya ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo karibu na taa hailindi waya uliolala katikati. Pampu ya ngama iwe na fyuzi yake yenyewe, kwa ukubwa ulioandikwa kwenye pampu, na isipitie swichi kuu. Waya unapopita kwenye tundu la bati, uvishe mpira, kwani kingo za alumini hukata kama wembe. Betri ikae ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa kwa mkanda: asidi yake ikimwagika hulila bati.

Ukimaliza, jaribu hivi. Chomoa waya wa hasi wa injini kutoka kwenye betri, kwa sababu injini yenye stata tayari imeunganishwa na bati kupitia vibano vyake na itakudanganya. Washa taa zote. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye chanya ya betri, ya pili kwenye alumini uliyoikwangua rangi. Isome sifuri. Ikisoma 12 au karibu na hapo, kuna waya wa hasi unaogusa boti: chomoa taa moja baada ya nyingine mpaka mita ishuke.